Saa Yako Moja Ni Shilingi Ngapi?

SALUM: Karibuni tena kijiweni. Leo hatuna mgeni, tuna kalkuleta. Dada Neema, soma ile meseji kabla sijaanza porojo zangu.

NEEMA: Ametuandikia kijana mmoja, mtunza stoo hapa Dar. Ameajiriwa, mshahara wa msingi 780,000 kwa mwezi. Sasa ameitwa mahali pengine, wanamwambia, "Sisi tunalipa kwa saa, 5,000." Anauliza aende au abaki.

SALUM: Aende! 780,000 gawa kwa siku 30, gawa kwa saa 24... anapata 1,083.

NEEMA: Kaka Salum, kwani akilala analipwa?

SALUM: (anacheka) Bosi wangu wa kwanza aliamini hivyo. Alikuwa ananipigia saa nane za usiku.

NEEMA: Haya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka ukomo wa saa 45 kwa wiki, ukiacha ovataimu. Na nyuma kule ina jedwali la kugeuza mshahara: chukua saa zako za wiki, zidisha kwa 4.333, jibu lake ndilo unalotumia kugawa mshahara wa mwezi.

SALUM: Hiyo 4.333 imetoka wapi? Mwezi si wiki nne?

NEEMA: Labda Februari. Mwaka una wiki 52, gawa kwa miezi 12. Sasa 45 mara 4.333 ni 195 kasoro chembe. Gawa.

SALUM: 780,000 kwa 195... 4,000 kamili! Na nikienda kwa mwaka, 9,360,000 kwa saa 2,340, ni ileile.

NEEMA: Ila asome mkataba wake. Kama unasema saa 40, saa yake ni 4,500 kwa mshahara uleule. Na ile saa ya chakula haimo kwenye hesabu. Ukiingia saa mbili asubuhi ukatoka saa kumi na mbili jioni, umefanya saa tisa, si kumi.

SALUM: Foleni ya Mbagala je?

NEEMA: Hiyo unailipia mwenyewe.

SALUM: Jirani zetu Kenya wanagawa kwa 225, sivyo?

NEEMA: Ndiyo, kwenye amri yao ya jumla ya mishahara, kwa sababu wiki yao pale ni ya saa 52. Mtu wa 45,000 za Kenya, saa yake ni 200. Usibebe namba ya jirani.

SALUM: Basi kijana wetu ana 4,000, kule anapewa 5,000. Bado nasema aende.

NEEMA: Subiri. Huko atakuwa anapeleka ankara kila mwisho wa mwezi. Hajaajiriwa. Likizo hana. Hapa alipo ana siku 28 kwa mwaka zenye malipo, yaani wiki nne anakaa kwao Korogwe anakula maembe na mshahara unaingia. Kwa hiyo saa anazofanya kweli ni wiki 48 mara 45.

SALUM: 2,160. Saa yake inapanda mpaka 4,333.

NEEMA: Halafu NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara. Wakigawana nusu kwa nusu, mwajiri anaweka 10 yake juu ya mshahara. Hiyo ni 936,000 kwa mwaka ambayo haioni mkononi.

SALUM: Jumla 10,296,000 kwa 2,160... 4,767. Ala! Ile elfu moja ya juu imebaki mia mbili na kitu.

NEEMA: Na ovataimu hatujaigusa. Mwajiriwa akizidisha saa, inalipwa mara moja na nusu: 6,000. Siku ya mapumziko au sikukuu, mara mbili: 8,000. Usiku, asilimia 5 juu. Yote inapigwa kwenye mshahara wa msingi, posho hazimo, ndiyo maana wajanja wanapenda kukupa posho nene na msingi mwembamba.

SALUM: Hapo umenigusa. Slipu yangu ya zamani ilikuwa hivyohivyo.

NEEMA: Swali analotakiwa kuwauliza ni moja: saa ngapi kwa wiki zimeandikwa kwenye karatasi? Ili afikie alichonacho sasa anahitaji saa kama 2,060 kwa mwaka.

SALUM: Karibu 40 kila wiki, wiki zote 52. Asiugue, asifiwe na mtu.

NEEMA: Hebu muulize.

SALUM: Nimeshamuuliza, anajibu hapa... Anasema wamemwahidi saa 30.

NEEMA: 30 mara 52 mara 5,000... 7,800,000.

SALUM: Eti ameshachapa barua ya kuacha kazi, anaipeleka kesho asubuhi.

NEEMA: Salum, zima maiki umpigie simu.