Himoglobini: jinsi umbo linavyoeleza kazi na ugonjwa

Assalaam alaykum, walimu wangu, wanafunzi, na nyinyi wazee mliofika hapa Chake Chake. Nitazungumzia protini moja tu, himoglobini, inayobeba oksijeni katika chembe nyekundu za damu.

Mwanasayansi Max Perutz, huko Cambridge, Uingereza, alizichunguza fuwele zake kwa eksirei kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kuchapisha umbo lake mwaka 1960. Ni minyororo minne iliyokunjana, miwili ya alfa na miwili ya beta, na kila mmoja umeshika atomu moja ya chuma. Oksijeni inaponasa kwenye chuma, chuma husogea kidogo mno, kikauvuta mnyororo wake, nao ukawasukuma wenzake, hata molekuli nzima ikabadili mkao na minyororo iliyobaki ikapokea oksijeni kwa wepesi zaidi. Orodha ya asidi amino, yaani vipande vinavyounda kila mnyororo, peke yake isingetuonyesha hayo.

Sasa tuje kwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi unaozipinda chembe nyekundu za damu. Mwaka 1949 mwanakemia Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa wa selimundu si ya kawaida, kisha mtafiti Vernon Ingram akabaini kuwa tofauti ni asidi amino moja tu: katika nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta, glutamiki, inayopatana na maji, imebadilishwa na valini, inayoyakwepa. Swali ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote ni kwa nini badiliko dogo hivyo lipinde chembe nzima, tena pale tu oksijeni inapopungua. Himoglobini ikishaachia oksijeni, kwenye mnyororo wa beta hujitokeza kishimo kinachokwepa maji, na valini ya molekuli jirani huingia humo kama komeo katika tundu lake. Molekuli zikishikana hivyo, huwa nyuzi ndefu na ngumu, zinazoisukuma chembe mpaka ikawa kama mundu. Oksijeni ikirudi nyuzi huachana, ila chembe iliyopindwa mara nyingi hatimaye hainyooki tena.

Mtoto mchanga husalimika miezi ya mwanzo kwa sababu bado ana himoglobini ya tumboni mwa mama, yenye minyororo ya gama mahali pa beta, ambayo haijiungi vyema na nyuzi hizo. Kwa hiyo mzazi anayeona vidole vya mwanawe aliyezaliwa mzima vinavimba karibu na mwezi wa sita, himoglobini hiyo inapopungua, hana haja ya kumsaka aliyemroga. Ampeleke akapimwe damu. Dawa ya haidroksiyurea huusaidia mwili kuongeza himoglobini hiyohiyo ya tumboni.