Mtu wa Saba: Bima ya Afya na Mawazo ya Mzee wa Kijijini

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, ndugu wasikilizaji,

Hapa Dodoma jina la Mirembe, hospitali ya afya ya akili iliyoanzishwa mwaka 1927, tumeligeuza tusi la mtaani, na ndiyo maana mzee mwenye sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, hathubutu kusema kwamba moyo wake umechoka. Atakwambia mwili unawaka moto, kichwa kinavuma, usiku hauishi. Zahanati watampima malaria; asipokutwa nayo atapewa panadoli, arudi nyumbani na mawazo yake.

Na mawazo yenyewe ni ya nini? Katika mazungumzo yangu na wazee wa Bahi na Chamwino, nimesikia swali moja likirudi: "Nikilala kitandani, watauza mbuzi yupi?" Anayehofia kuwa mzigo huanza kuficha maumivu, hupunguza chakula, kisha hujitenga na watu, kabla hata ugonjwa wa mwili haujamfika.

Kwa hiyo kadi ya bima, kwa maoni yangu, hutibu kabla mtu hajafika zahanati. Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani bima ya kaya zetu za vijijini, ulianza kwa majaribio Igunga, mkoani Tabora, mwaka 1996, na ulipoboreshwa, kaya ya watu wasiozidi 6 ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Sita! Naomba tusimame kwenye tarakimu hiyo, kwa sababu kaya zetu tunazijua: baba, mama, watoto wanne, na bibi aliyeachiwa chumba cha uani. Afisa mwandikishaji anapofika na simu yake kupiga picha za wanakaya, bibi ndiye wa saba. Wanawe hawamkatai kwa ubaya, husema tu, "Mama anatibiwa bure."

Ni kweli, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza wenye miaka 60 na zaidi. Lakini msamaha una uchungu wake. Ili aupate, mzee huthibitisha umri na ufukara wake mbele ya mtendaji wa kijiji, ambaye pengine mzee huyo ndiye aliyemfundisha kuchunga. Bibi mmoja alinifungulia pindo la khanga, akatoa barua iliyokunjwa hadi ikachanika katikati, akasema, "Hii inasema mimi ni maskini." Mwenye kadi haombi, anadai haki yake.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Lakini kadi isiyo na dawa dirishani, sitawaficha, humrudisha mzee kwenye hofu ileile, safari hii ikiongezewa hasira. Hata hivyo, yapo yasiyosubiri bohari ya dawa: mganga wa zahanati, kipimo cha malaria kikitoka safi, aweke kalamu chini amuulize mzee analalaje na anakula na nani, naye afisa mwandikishaji, afikapo kwenye kaya, aanzie chumba cha uani.