Peng Dehuai na Barua ya Lushan

Ndugu zangu, kila nikialikwa kuzungumzia majenerali wa China, swali la kwanza huwa vita vya Korea. Korea tutafika. Leo naanzia Lushan, mlima wa China ambako viongozi wa Chama cha Kikomunisti walikutana Julai 1959, maana pale ndipo mtu huyu alipojulikana ni nani.

Wakati huo Peng Dehuai ni Waziri wa Ulinzi, na kati ya Mamarshali kumi wa mwaka 1955 anatajwa wa pili, nyuma ya Zhu De. Mtoto wa mkulima fukara wa Xiangtan, Hunan. Utotoni aliwahi kuomba chakula, akachunga ng'ombe, akachimba makaa ya mawe, ndipo akaingia jeshini mwaka 1916. Njaa hakuhadithiwa. Mwishoni mwa 1958, wakati wa Hatua Kubwa Mbele, kampeni ya Mao ya kuongeza chuma na mavuno kwa kasi, anarudi Hunan, anaambiwa mavuno yamefurika. Anachokiona yeye ni watu waliotolewa mashambani kwenda kuchochea matanuru ya chuma, mazao yanaoza, na sufuria za akina mama zimeyeyushwa zikatoa chuma kisichofaa kitu.

Huko Lushan akaenda kumwona Mao ana kwa ana, akaambiwa Mwenyekiti amelala. Akaandika barua, tarehe 14. Barua ya siri, ya mtu kwa kiongozi wake! Na inaanza kwa kusifu mafanikio ya 1958. Halafu inasema takwimu zimetiwa chumvi, na kwamba matanuru yale yameleta hasara na faida. Ametanguliza hasara, hilo nalo likafanywa kosa. Siku mbili baadaye Mao akaamuru barua ichapwe, igawiwe wajumbe. Tarehe 23 akaishambulia mbele ya mkutano wote.

Najua mtaniambia: mwanajeshi na mpunga wapi na wapi? Jamani, alikuwa mjumbe wa Politburo, kamati ya juu ya chama, na mkutano wenyewe uliitwa kurekebisha makosa ya kampeni hiyohiyo! Na askari wake walikuwa watoto wa nani, kama si wa wakulima hao? Waliomuunga mkono, Huang Kecheng, Zhang Wentian na Zhou Xiaozhou, walianguka naye. Wizara akapewa Lin Biao. Baada ya hapo ni ofisa gani angethubutu kuripoti ghala tupu? Mwaka 1960 watu walikufa kwa njaa kuliko mwaka mwingine wowote wa janga lile, na jumla yake wanahistoria wengi huikadiria kwa makumi ya mamilioni.

Yeye alirudisha sare ya Umarshali, akahamia Wujia Huayuan nje kidogo ya Beijing, akalima kishamba cha ngano apime mwenyewe ardhi inatoa kiasi gani. Kipigo cha Walinzi Wekundu, wale vijana wa Mapinduzi ya Utamaduni, sitakieleza. Alikufa kwa saratani Novemba 1974 akiwa kizuizini, akachomwa kwa jina la bandia, Wang Chuan. Jina lake lilisafishwa Desemba 1978.

Naona naonyeshwa saa. Korea, basi: Oktoba 1950 alivuka mto Yalu, mpaka wa China na Korea, akiongoza majeshi ya China, Julai 1953 akasaini kusitisha vita. Mwana wa Mao, Mao Anying, aliuawa kwa bomu kwenye makao makuu ya Peng, na wapo wanaoshikilia kwamba Lushan kilikuwa kisasi cha kifo kile. Sikubali. Kweli, katika hotuba ya tarehe 23 Mao aliwataja wanawe, mmoja kauawa, mwingine kapata wazimu. Lakini isomeni yote: anachokitetea mle ni chuma, komuni, yaani vijiji vilivyounganishwa kulima pamoja, na majiko ya pamoja.