Jinsi ya kujaribu pikipiki kabla ya kutoa pesa

Habari zenu, karibuni tena. Leo tuko Kampala, na swali ni lile mnaloniletea kila siku: ninunue Boxer au TVS? Au niende ya umeme? Sitakujibu. Nakuonyesha namna ya kuziendesha zote mpaka ujijibu mwenyewe.

Anza na njia. Kwenye uwanja wa duka ni tambarare, na pikipiki zote pale ni tamu. Tafuta mzunguko mfupi unaofanana na kazi yako: mlima, matuta, foleni, kipande cha vumbi. Mimi nimeanzia chini ya kilima cha Kololo, hapa hapa Kampala. Ukiwa Kabale au Mbale, milima haikosekani. Kila pikipiki ipite njia hiyo hiyo, siku hiyo hiyo.

Sasa, pikipiki ya kujaribu unaitoa wapi? Muuzaji akikataa mpya isitoke dukani, nenda steji ya boda. Aina unayoitaka iko pale, na imeshakula barabara. Msalimie dereva, mweleze shida yako, mlipe muda wake, mafuta juu yako. Akikunyima usukani usinune; huenda pikipiki ni ya tajiri aliyemwajiri, au mkopo haujaisha. Basi panda nyuma akuzungushe. Huku nyuma utajifunza mengi, hasa kama unapanga kubeba abiria. Na muulize: cheni inadumu vipi? Spea anatoa wapi? Hapa Kampala, kwenye maduka ya Ndeeba na Kisekka zimejaa, lakini kijijini kwenu je?

Kama ni kuukuu unanunua, sogea hapa kwenye kamera. Kabla haijawashwa, peleka kiganja karibu na injini, bila kugusa ekzosi. Ina joto? Basi kuna mtu ameiwasha kabla hujafika. Subiri ipoe, kisha piga kiki mwenyewe, usitegemee stata peke yake. Tazama moshi: wa buluu usiokwisha maana yake injini inakula oili. Halafu inama usome namba ya chasisi, uilinganishe na ya kwenye logibuku, yaani kadi ya umiliki. Zikitofautiana hata tarakimu moja, aga uende zako.

Kofia ngumu kichwani, leseni daraja A mfukoni. Keti. Miguu yote miwili ifike chini. Irudishe nyuma kwa miguu yako, maana kwenye maegesho ya Kampala utafanya hivyo kutwa. Uliza gia zimepangwaje: kuna ambazo zote unakanyaga kwenda chini, na kuna ambazo ya kwanza iko chini na nyingine unapandisha. Ukichanganya katikati ya makutano, utajua.

Ondoka polepole, mwendo wa mtu anayetembea, klachi nusu. Pikipiki nzuri haishtukishtuki hapa. Kisha breki. Tafuta sehemu iliyonyooka, kavu, nyuma hakuna gari. Fika kilomita 30 kwa saa, bonyeza zote mbili, ya mbele ukiikaza taratibu, maana ndiyo inayosimamisha zaidi. Isivute upande. Ikiwa moja ni ya disiki na nyingine ya ngoma, tofauti utaisikia vidoleni.

Halafu mlima, na hapa usiharakishe. Mpakie rafiki yako nyuma, simama katikati ya mwinuko, shika breki, kisha ondoka tena bila kurudi nyuma. Hapa ndipo injini ya cc 100 na ya cc 150, yaani ndogo na kubwa, zinapoachana. Sikiliza: inalia, au inavuta? Kwa mtu mmoja mjini, mimi nasema 100 inatosha na mafuta inakula kidogo. Ila kama ni mikungu ya matoke juu ya mlima, usijidanganye. Mkishuka, pita kwenye tuta mkiwa wawili. Shokapu ikigonga chuma, umepata jibu.

Za umeme, kama Zembo au Spiro, hazina klachi, na mlimani zinaondoka kwa upole wa ajabu. Lakini zimenyamaza, kwa hiyo mtembea kwa miguu hakusikii. Honi iwe karibu na kidole. Soma asilimia ya betri chini ya mlima, isome tena juu ukiwa na abiria. Kisha endesha mpaka kituo cha kubadilisha betri kilicho karibu na kwako. Kama hakipo, hiyo si yako kwa sasa, hata ikupendeze vipi.

Ukishuka kwenye kila moja, kabla ya kupanda nyingine, jirekodi kwa simu: mgongo, mikono, breki, mlima. Ukimaliza ya mwisho, irudie ile ya kwanza, kwa sababu ulipoianza bado ulikuwa unatafuta breki ilipo. Pesa ya kutanguliza ibaki mfukoni mpaka hapo.