Mkataba wa Miaka 2 na Binti wa Miaka 15

REHEMA: Karibuni, wasikilizaji. Leo tumeyaweka kando maswali mengine yote kwa sababu ya barua moja iliyotufikia. Aliyeiandika ni mwalimu wa hisabati, mumewe ni muuguzi, na wana binti wa miaka 15 na mwana wa miaka 7. Shule moja ya kimataifa iliyo nje ya nchi yao imempa ofa ya mkataba wa miaka 2, pamoja na nyumba, tiketi za ndege na punguzo la ada kwa watoto, na imempa siku 5 awe amejibu. Swali lake ni moja tu: je, mshahara huu unatosha?

IDRISA: Dada Rehema, bila kumvunjia heshima mwenzetu, ningependa tuliache swali hilo hadi mwisho. Ofa imeandikwa kwa jina la mtu mmoja, na atakayetia sahihi ni mtu mmoja, lakini watakaofungasha mizigo ni wanne. Mimi ningeusoma mkataba huo mara tatu zaidi: mara moja kwa macho ya mume, mara moja kwa macho ya binti, na mara moja kwa macho ya yule mdogo.

REHEMA: Basi tuanze na binti, kwa maana nilipofika kwenye umri wake nilisita. Ameandika kwamba binti yuko mwaka wa kwanza wa IGCSE, ile kozi ya kimataifa ya sekondari inayoishia kwa mitihani.

IDRISA: Hapo ndipo penye uzito, na naomba tutulie hapo kidogo. Masomo ya IGCSE kwa kawaida huchukua miaka 2, na wanafunzi wengi huyasoma kati ya umri wa miaka 14 na 16. Akihama sasa, mwaka wa pili ataumalizia katika shule mpya, ambayo huenda inatumia bodi nyingine ya mitihani. Hata mtaala ukiwa na jina lilelile, mada hazipangwi kwa mfuatano uleule, vitabu vya fasihi vilivyoteuliwa si vilevile, na somo alilolianza huenda halifundishwi kabisa huko aendako. Mtoto mwenye bidii anaweza kulivuka hilo. Ninaloliogopa zaidi linakuja baada ya hapo.

REHEMA: Mwisho wa mkataba.

IDRISA: Ndiyo. Chukua karatasi, andika miaka ya mkataba upande mmoja na madarasa ya binti upande wa pili. Mwaka wa kwanza wa mkataba anamaliza IGCSE. Mwaka wa pili anaanza Diploma ya IB, yaani International Baccalaureate, masomo ya kumwandaa mwanafunzi kwa chuo kikuu, ambayo nayo ni ya miaka 2. Mkataba unakwisha na binti yuko katikati ya Diploma. Kwa hiyo mkataba unaosema miaka 2 kwa mama unasema miaka 3 kwa mtoto, na huo mwaka wa tatu hakuna aliyeuahidi.

REHEMA: Wapo watakaosema kwamba IB ni mfumo wa kimataifa, ulioanzishwa Geneva mwaka 1968 kwa ajili ya watoto wa namna hiyohiyo, wanaohamahama na wazazi wao, kwa hiyo ahamie tu shule nyingine ya IB.

IDRISA: Katika madarasa ya chini ninakubaliana nao. Katika Diploma, hapana. Mwanafunzi huchagua masomo 6, na kwa kawaida 3 kati yake huyasoma katika ngazi ya juu. Juu ya hayo anaandika insha ndefu ya utafiti isiyozidi maneno 4,000 chini ya mwalimu anayemsimamia, na kuna kazi zinazofanywa na kusahihishwa shuleni kwake ambazo huhesabiwa katika alama za mwisho. Kuikuta shule nyingine yenye masomo yaleyale 6, katika ngazi zilezile, na yenye nafasi wazi katika mwaka wa pili, ni jambo la bahati. Mimi siwezi kumshauri mzazi akate shauri kwa kutegemea bahati.

REHEMA: Na je, akingoja mwaka mmoja?

IDRISA: Akingoja, binti amalize IGCSE alipo, kisha mkataba mpya uanze siku moja na Diploma, miaka 2 kwa miaka 2. Shule nyingi zinazofungua mwaka wa masomo Agosti au Septemba huanza kutafuta walimu miezi mingi kabla, kwa hiyo msimu mwingine wa ajira hauko mbali. Inawezekana ofa hii haitarudi, lakini walimu wa hisabati wanatafutwa kila msimu.

REHEMA: Kuhusu huyo wa miaka 7, mama ametaja kwa sentensi moja tu kwamba "bado anasumbuka kusoma" na kwamba ana mwalimu wa ziada. Ningependa sentensi hiyo aipeleke shuleni kama ilivyo. Kuna wazazi walimu wanaoamini kwamba mtoto wa mfanyakazi hupokewa moja kwa moja, ilhali katika shule nyingi naye hupimwa kama mwingine, na shule inaweza kumkataa au kudai malipo ya pembeni kwa ajili ya msaada huo. Punguzo la ada mara nyingi haliyagusi malipo hayo.

IDRISA: Na jibu la shule liwe kwa maandishi. Mkuu wa shule anayesema kwenye usaili "hilo litawezekana" anaweza kuwa mtu mwema kabisa, na bado akawa amehamia shule nyingine wakati ninyi mnatua.

REHEMA: Sasa nizungumze juu ya mume, na hapa, kaka Idrisa, uniruhusu nitoke kidogo kwenye barua. Sisi tulipohama mara ya kwanza, mume wangu alikuja kwa viza ya mtegemezi. Viza hiyo haikumruhusu kufanya kazi, na jambo hilo lilikuwa limeandikwa kwenye kiambatisho ambacho mimi nilikipitia juu juu, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kufika kwenye ukurasa wa mshahara. Kila asubuhi, mimi na watoto tulitoka na mabegi mgongoni, naye akabaki amesimama mlangoni ameshika funguo za nyumba, hana pa kwenda. Mwezi wa nne aliacha kuniuliza siku yangu ilikuwaje. Mkataba tuliumaliza, lakini tuliumaliza kwa kuvumiliana.

IDRISA: Pole sana, dada. Hilo hukuwahi kulisimulia kwenye kipindi.

REHEMA: Mume huyu ni muuguzi, na hilo linaongeza ugumu. Hata nchi ikimruhusu kufanya kazi, usajili wake wa uuguzi hausafiri naye. Itambidi asajiliwe upya huko, na mara nyingi hilo lina mtihani, uhakiki wa vyeti na pengine mtihani wa lugha. Inaweza kuchukua miezi mingi. Ni lazima ajue kabla ya kupanda ndege kama atakuwa anangoja kazi au amezuiwa kazi, kwa maana anayengoja ana mahali pa kuelekea.

IDRISA: Karatasi nazo zianze kushughulikiwa mapema: shahada, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na cheti cha polisi cha tabia njema, ambacho shule makini hazimwajiri mtu bila hicho. Ikiwa nchi inakotoka hati na nchi inakopelekwa zote zimejiunga na Mkataba wa Hague wa mwaka 1961, hati hupokewa kwa muhuri wa apostili, yaani muhuri unaothibitisha kwamba sahihi iliyo kwenye hati ni halisi; vinginevyo kwa kawaida hati hupitishwa ubalozini, na foleni hiyo inajulikana.

REHEMA: Tuje sasa kwenye fedha.

IDRISA: Kwanza atenganishe mshahara wa msingi na posho. Wapo waajiri wanaoweka kiasi kidogo kwenye msingi na kikubwa kwenye posho, na jumla ikapendeza macho, lakini kiinua mgongo kikahesabiwa kwa ule msingi mdogo. Mfano mzuri ni Falme za Kiarabu, ambako mgeni aliyetimiza angalau mwaka mmoja kazini hulipwa siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka 5 ya mwanzo, na siku 30 kwa kila mwaka unaozidi hapo. Sheria ni moja kwa walimu wote, lakini wawili wenye jumla sawa wanaweza kuondoka na kiasi tofauti kabisa. Halafu kuna pensheni ya nyumbani: akiacha kuchangia kwa miaka 2, je, anapoteza haki gani, na anaweza kuendelea kuchangia kwa hiari?

REHEMA: Mimi ningeongeza bima ya afya. Aulize inawahusu wategemezi wangapi, na magonjwa ambayo mtu alikuwa nayo kabla ya kujiunga yanatibiwa au yanaachwa nje. Tofauti ya bima nzuri na bima ya jina tu hujulikana usiku mtoto akiwa na homa, na wakati huo umeshachelewa kusoma.

IDRISA: Wengine hupendekeza mama atangulie peke yake kwa mwaka mmoja, binti amalize IGCSE, kisha familia ifuate. Kwenye karatasi yangu mpango huo unakaa vizuri.

REHEMA: Kwenye karatasi, kaka. Mwaka mmoja wa mtoto wa miaka 7 anayejifunza kusoma ni mrefu mno, na mama ndiye anayekaa naye na kitabu jioni, ameliandika mwenyewe. Hata ukihesabu vizuri, yatamrudi kuanzia likizo fupi ya kwanza.

IDRISA: Hapo hatukubaliani kabisa, lakini nakiri kwamba wewe umeishi na mimi nimehesabu. Kuhusu siku 5, aombe aongezewe. Awaandikie kwa heshima kwamba anaitaka kazi hiyo, na kwamba kabla ya kutia sahihi anahitaji majibu ya maandishi juu ya nafasi ya kila mtoto, hadhi ya viza ya mume, na uwezekano wa mkataba kufikia mwaka wa tatu. Shule inayofuta ofa kwa sababu mwalimu ameuliza maswali hayo imekwisha kumjibu.

REHEMA: Na lile swali lake? Mshahara unatosha?

IDRISA: Ikiwa mume hataruhusiwa kazi, basi mshahara huo mmoja unachukua nafasi ya miwili. Aulinganishe na jumla ya mapato ya nyumba yao ya sasa, asiulinganishe na mshahara wake peke yake.

REHEMA: Nimeisoma barua yake mara tatu, na ninayo hapa mkononi. Ameandika mshahara wa ofa, ameandika na mshahara anaoupata sasa. Wa mume haumo.