Sikio la Shibe: paka mwenye kisukari, chakula chake na tone la damu

ZUHURA: Ukisikia kucha zinagonga sakafu, msikilizaji, huyo ni Shibe. Leo tunarekodia sebuleni kwangu, kwa sababu mgonjwa anapimwa sukari kila baada ya saa mbili na siwezi kumwacha peke yake. Dokta Mshamu, karibu nyumbani.

MSHAMU: Ahsante, dada Zuhura, nimeshakaribia. Mwenyeji wako naye kanilalia mapajani, suruali yote manyoya.

ZUHURA: Ndiyo salamu yake hiyo. Sasa, saa 1 asubuhi, kabla hajala, alikuwa na sukari ya 13.2, kwa milimoli kwa lita. Akala, nikamchoma yuniti 1 ya insulini. Hii ni saa 3. Nipime?

MSHAMU: Pima, lakini uwasimulie, maana wenzetu hawaoni.

ZUHURA: Haya. Nina soksi, ndani nimetia mchele mkavu, nimeipasha moto kidogo. Naiweka sikioni, damu isogee. Pembeni mwa sikio kuna mshipa mwembamba, ukimulika tochi unauona. Siutoboi wenyewe, natoboa ule upenyo kati ya mshipa na ukingo. Nyuma ya sikio nakunja pamba, nisije nikatoboa kidole changu. Lanseti, kile kisindano cha kutobolea, hii hapa... tayari. Tone kama kichwa cha pini. Stripu ya mashine ya sukari inalinyonya yenyewe... 9.8.

MSHAMU: Na wala hakuinua kichwa!

ZUHURA: Anajua kuna kipande cha kuku baada ya hapo. Haya shika, baba. Ila siku ya kwanza, dokta, nilimtoboa mara nne, nikaharibu stripu tatu, yeye kaingia chini ya kabati, mimi nimekaa sakafuni nalia.

MSHAMU: Wengi huachia hapo. Mimi huwaambia wapime sikio lenye joto, na kuku atoke kila mara, hata kama damu haikutoka. Paka hajui kwamba umeshindwa, anajua tu kwamba alikaa kitako akapewa kitu.

ZUHURA: Kwa anayetumia mashine ya miligramu kwa desilita, zidisha namba zangu kwa 18. Hiyo 9.8 ni kama 176. Sasa niulize swali la mtu mvivu: kwa nini nisimpeleke kliniki wakampima wao?

MSHAMU: Kwa sababu kliniki utaleta paka mwingine. Katiwa kwenye kikapu, kapanda gari, kasikia mbwa wanabweka. Homoni za hofu zinamwagika, sukari inapaa. Hata paka asiye na kisukari kabisa anaweza kusoma 16 au zaidi pale mezani kwangu. Nikiamini namba ile nikaongeza dozi, nimemdhuru. Ndiyo maana wakati wa kuthibitisha ugonjwa tunaangalia na mkojo, na tunapima fruktosamini, ambayo inaonyesha sukari ilivyokuwa kwa wiki moja mpaka tatu zilizopita. Lakini fruktosamini hainiambii saa 7 mchana jana ilishuka mpaka wapi. Hilo utaniambia wewe, mwenye soksi ya mchele.

ZUHURA: Mimi nilichelewa kujua. Bakuli la maji lilikuwa linakauka, nikasema joto. Madonge kwenye sanduku la mchanga yakawa makubwa kama ngumi. Anakula kuliko mimi na mgongo unaonekana mifupa. Halafu nyuma akaanza kukanyaga kwa visigino, kama mtu aliyevaa ndara zilizomzidi.

MSHAMU: Hapo mishipa ya fahamu ya miguu imeshaumia. Kwa wengi inarudi sukari ikitulia, ila polepole, kwa wiki na miezi. Na yale madonge yana sababu yake. Paka mzima anakaa kati ya 4 na 7, hivi. Ikipita 14 au 16, figo zinashindwa kuirudisha sukari yote kwenye damu, inamwagikia kwenye mkojo, na sukari haiendi peke yake, inavuta maji. Kwa hiyo anakojoa sana ndipo anakunywa sana. Watu hudhani ni kinyume chake.

ZUHURA: Wakati ule alikuwa ameshashuka kutoka kilo 7.4.

MSHAMU: Kilo saba! Dume, amehasiwa, mtu mzima, mnene, anakaa ndani. Huyo ndiye tunayemwona mara nyingi. Kisukari cha paka wengi kinafanana na aina ya pili ya binadamu: kongosho bado linatoa insulini, lakini mwili hauisikii, na sukari ikikaa juu muda mrefu kongosho lenyewe linachoka. Ukilipumzisha mapema, linaweza kuamka. Ndiyo maana naharakisha. Mbwa wengi wakishapata kisukari ni sindano maisha. Paka ana nafasi.

ZUHURA: Tuje kwenye chakula, maana hapo ndipo nilipoharibu.

MSHAMU: Utakiri mwenyewe, mimi nitangulize msingi. Paka ni mla nyama haswa. Mate yake hayana kile kimeng'enya cha kuanza kuvunja wanga tulichonacho mimi na wewe, na ini lake halina wepesi wa kupokea sukari nyingi kwa mpigo. Sasa chakula kikavu, zile tembe, hakitengenezeki bila wanga, maana wanga ndio unaozishikanisha. Cha kopo hakihitaji hivyo. Kwa paka mwenye kisukari wengi wetu tunatafuta chakula ambacho nguvu inayotokana na wanga haizidi asilimia 12 hivi.

ZUHURA: Na kopo haliandiki wanga. Nimegeuza makopo mpaka macho yakauma.

MSHAMU: Utautafuta kwa kutoa. Chukua 100, toa protini, mafuta, nyuzinyuzi, majivu, yaani madini, na unyevu. Kinachobaki ndio wanga. Tuseme kopo lina protini 11, mafuta 6, nyuzinyuzi nusu, majivu 2, unyevu 79. Jumla 98.5, wanga 1.5. Halafu unageuza kuwa nguvu: protini na wanga unazidisha kwa 3.5, mafuta kwa 8.5. Kopo hilo linatoka kama kalori 95, na za wanga ni 5 na kidogo. Hiyo ni chini ya asilimia 6. Fanya hivyo kwa tembe zenye protini 32, mafuta 14, nyuzinyuzi 3, majivu 7, unyevu 8: wanga 36, na karibu asilimia 35 ya nguvu yake ni wanga.

ZUHURA: Na ule mfuko ulioandikwa "bila nafaka"?

MSHAMU: Aa! Huo unanikera. Wametoa ngano wakatia viazi na njegere. Wanga ni ule ule, kabadilisha kanzu tu.

ZUHURA: Basi sasa nikiri. Shibe alikuwa anachomwa yuniti 3 asubuhi na 3 usiku, anakula tembe. Nikasoma haya yote kuhusu wanga, nikajiona nimechelewa, nikamwaga mfuko siku ile ile. Makopo matupu kuanzia jioni. Alifurahi! Mimi nikajipongeza. Sikupunguza insulini, sikumpigia mtu simu. Na kupima, nilikuwa napima siku nikipata nafasi.

MSHAMU: Siku ya ngapi?

ZUHURA: Ya tatu. Mchana namwita, haji. Namkuta kona ya chumba anautazama ukuta. Nikimsimamisha anayumba kama mlevi. Nikapima kwa mikono inayotetemeka: 2.9.

MSHAMU: Hapo ndipo ninapotaka msikilizaji atulie na sisi. Ile dozi ya yuniti 3 ilipangwa kwa ajili ya mwili unaopokea wanga wa tembe. Umeondoa wanga, insulini imebaki vile vile, haina cha kukisukuma. Chakula kizuri ndicho kilichomwangusha. Mwenye tembe mbaya na dozi yake anaweza kwenda miezi, sukari iko juu, anadhoofika taratibu. Aliyebadilisha vizuri bila kupima anaweza kumpoteza paka alasiri moja.

ZUHURA: Nilimpaka asali kwenye fizi. Sikujua kama ni sawa, nilikumbuka tu.

MSHAMU: Ni sawa kabisa. Asali au maji ya glukosi, unapaka kwenye fizi, humwagii mdomoni, atapaliwa. Akiwa na degedege, chunga vidole vyako. Akizinduka mlishe, pima tena baada ya dakika 15, na daktari awe ameshajua. Hata akionekana mzima, maana asali inaisha mapema na insulini bado ipo. Mimi chini ya 3.3 sisubiri dalili.

ZUHURA: Kwa hiyo ningefanyaje?

MSHAMU: Ungenipigia kabla ya kumwaga mfuko. Tungechanganya kopo kidogo kidogo kwa wiki moja, siku kumi. Unapima kabla ya kila sindano na mara moja katikati, na namba zikianza kushuka napunguza dozi. Wapo madaktari wanaopunguza dozi siku ile ile chakula kinapobadilika. Njia zote mbili zina kipimo ndani yake. Na kama kaligomea kopo, usiseme "njaa itamfundisha". Paka mnene akikaa siku mbili, tatu bila kula, mafuta yanajaa kwenye ini, na hilo linaua kuliko kisukari. Hata kumkondesha ni taratibu, asilimia 1 ya uzito wake kwa wiki inatosha.

ZUHURA: Na asipokula kabisa saa ya sindano ikifika?

MSHAMU: Humchomi dozi nzima kwa mazoea. Unapima, unapiga simu. Na usipokumbuka kama ulimchoma au hukumchoma, au wawili mmechanganyana nyumbani, usirudie. Sindano moja ikikosekana haimuui. Mbili kwa pamoja zinaweza.

ZUHURA: Sisi tumebandika karatasi kwenye friji, anayechoma anatia alama. Haya, kuna maswali mlituma. La kwanza: mashine ya kupimia watu inafaa?

MSHAMU: Inafaa, ila kwa damu ya paka nyingi husoma chini kidogo ya ukweli. Ya wanyama ina usahihi zaidi. Uwe na moja tu, usilinganishe mbili utachanganyikiwa. Kuna na kile kisensa kinachobandikwa kwenye ngozi, kinasoma chenyewe kwa siku 14, ingawa paka wengi wanakibandua kabla.

ZUHURA: Mabomba ya sindano?

MSHAMU: Hili liko zito. Kuna insulini ya nguvu ya yuniti 40 kwa mililita na ya 100, na kila moja ina bomba lake. Ukivuta ile ya 100 kwa bomba la 40, umempa mara mbili na nusu ya dozi. Soma chupa, soma bomba, kila unaponunua.

ZUHURA: Mwingine kasikia kuna dawa ya kumeza.

MSHAMU: Ipo. Marekani waliidhinisha bexagliflozin, kidonge cha mara moja kwa siku, Desemba 2022. Inafanya figo ziimwage sukari. Ni ya paka ambaye hajawahi kuchomwa insulini, na anachaguliwa baada ya vipimo vya damu, kwa sababu anaweza kupata sumu ya ketoni, zile asidi zinazojaa kwenye damu mwili ukichoma mafuta badala ya sukari, huku sukari inasoma vizuri. Kwa hiyo Shibe hayumo. Na kwa ajili ya hizo ketoni, kwa jumla, paka yeyote mwenye kisukari anayetapika, aliyelegea, asiyekula, huyo mpeleke leo, usisubiri kesho.

ZUHURA: Tunasimama hapa kidogo.

[Kurekodi kumesimama, kumeendelea saa 5 asubuhi.]

ZUHURA: Tumerudi. Soksi imepashwa, sikio la kushoto safari hii... 5.4.

MSHAMU: Mmh.

ZUHURA: Hiyo "mmh" ni ya aina gani, dokta?

MSHAMU: Ya mtu anayefikiri. 13.2, 9.8, 5.4. Kwa yuniti 1 tu, na saa nne tu zimepita. Kwa insulini yako hii bonde, yaani pale sukari inaposhuka chini kabisa baada ya sindano, bado halijafika, huenda likawa saa 7 au hata 9. Dozi ndiyo inayopangwa kwa bonde. Ile namba ya asubuhi haitoshi. Bonde la kati ya 4.5 na 8 ningelifurahia.

ZUHURA: Unataka kusema kongosho linaamka?

MSHAMU: Usinitie maneno mdomoni. Wapo wanaofika mahali wakaacha sindano, hasa walioanza chakula hiki na insulini ndani ya miezi ya mwanzo. Hata hao sisemi wamepona, nasema kisukari kimelala. Chakula hakirudi kuwa tembe, na sikio linaendelea kutobolewa, mara chache tu zaidi. Nitakachosema leo ni kwamba usisubiri saa 7, anza kupima saa 6.

ZUHURA: Kila saa, basi.

MSHAMU: Kila saa mpaka ianze kupanda. Ikigusa 4, mpe kopo kidogo unipigie. Na ya usiku usimchome kabla hujanitumia namba zote, nadhani tunashuka kwenye nusu yuniti.

ZUHURA: Leo sitoki, msikilizaji. Shibe, rudi hapa, kuku wako hujamaliza.