Palisanda, msaji na mninga: kutibu vinia ya spika za zamani

ZUHURA: Karibuni, tuko Tabora. Leo sauti tunaiweka kando, tunaongelea boksi. Fundi wetu kaka Kasimu, mtu kapata spika za miaka ya 1970, muuzaji anaapa boksi ni palisanda, ule mti wa thamani. Aanzie wapi?

KASIMU: Ageuze boksi, aangalie ukingo wa nyuma. Kama ni vinia utaona utando wa mti, chini ya milimita moja, umekaa juu ya chipubodi. Halafu amulike tochi kwa ubavu: mti una vinyweleo, yaani vitundu vidogo, karatasi iliyochapishwa mfano wa mti haina. Na kwenye karatasi, ukitafuta sana, mchoro uleule unajirudia pembeni.

ZUHURA: Ikiwa palisanda kweli?

KASIMU: Basi asiiguse na mashine. Palisanda ya Brazili iko Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 1992, kipande cha kuzibia hakinunuliwi kama plaiwudi. Bang & Olufsen, kampuni ya Denmark, walivalisha spika zao palisanda na msaji, na mashine ya msasa inatoboa utando huo kwa sekunde chache. Ukishaona chipubodi, umechelewa. Msasa namba 180 mkononi, kwa kufuata mistari, kisha 240.

ZUHURA: Wengine wanamalizia na stilwulu, zile nyuzi za chuma za kusugulia.

KASIMU: Hapo ndipo wanapoua spika. Vumbi lake ni chuma na nyuma ya koni kuna sumaku. Likiingia kwenye mwanya wa koili unapata mkwaruzo kila besi inapopiga, na kulitoa ni kazi ngumu. Toa wufa, spika ya besi, na twita, ya sauti nyembamba, kwanza, ziweke chumba kingine.

ZUHURA: Malengelenge je? Kiangazi chetu hiki, sehemu ya juu inavimba halafu inapasuka.

KASIMU: Usikimbilie wembe. Weka kitambaa cha pamba, pasi ya joto la kati bila mvuke, sekunde kumi tu, kisha kandamiza na kipande cha mbao baridi mpaka papoe. Gundi ikiwa ya aina inayolainika kwa joto, kama ile ya zamani ya wanyama, inashika tena. Lengelenge likiinuka baada ya kupoa, ndipo unachana, kwa kufuata mstari wa mti, usikate kuukingama. Gundi nyeupe ya mbao, izimue kwa maji kidogo, ivute kwa sindano nene. Inua mdomo mmoja, sukuma gundi mpaka mwisho wa lengelenge, kisha mdomo wa pili. Kandamiza kwa kidole kutoka pembeni kuja kwenye mchano, ziada itoke, ifute na kitambaa chenye unyevu sasa hivi, maana ikikauka vanishi haitaingia pale. Juu yake nailoni, kisha mbao bapa, kisha klempu. Usiku kucha.

ZUHURA: Nailoni kwa nini?

KASIMU: Bila hiyo mbao ya klempu inaganda pale pale, na kesho unabandua vinia yote.

ZUHURA: Gundi ya viatu ni rahisi zaidi.

KASIMU: Rahisi siku ya kwanza. Haigandi ikawa ngumu, kwa hiyo vinia inateleza polepole, na tina, kile kimiminika cha kuzimulia vanishi, ikipenya chini, malengelenge yanarudi.

ZUHURA: Pembe iliyomeguka?

KASIMU: Kata kiraka umbo la mtumbwi, ncha mbili zifuate mistari. Kiraka cha mraba jicho linakiona toka mlangoni. Kwa msaji, mninga mwepesi rangi unakaribia. Lowesha kipande kwa kidole kwanza: rangi ile ya unyevu ndiyo utakayoipata baada ya vanishi. Mninga hausinyai sana, hiyo ni sifa yake kubwa. Lakini usizibe kipindi cha mvua. Kiraka kilichojaa unyevu mwezi wa pili kitaacha ufa mwezi wa nane.

ZUHURA: Na palisanda? Mpingo si ndugu yake?

KASIMU: Ukoo ni mmoja, Dalbergia, lakini mpingo ni mweusi mno. Tafuta fanicha iliyovunjika ya palisanda, au toa kipande upande wa chini wa boksi lenyewe kama umevalishwa. Na kabla ya gundi, pangusa na asetoni, subiri ikauke, paka gundi papo hapo. Palisanda ina mafuta. Ukichelewa yanapanda juu tena na kiraka kinang'oka kwa ukucha.

ZUHURA: Mninga wa Sikonge ukivalishwa boksi zima, je?

KASIMU: Kwa boksi jipya, sawa, ila valisha na ndani. Ukivalisha upande mmoja tu ubao unapinda. Kwa la zamani, ziba.